Bamia ya Watakatifu Mapacha

Mliponiacha nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za gesti ya Bi Valdelice, hapa mtaa wa Santo Antônio, suruali imelowa, sanduku langu la spana limeibwa, na posa yangu haijafika popote.

Kwa anayeingia leo, sitamchosha. Naitwa Jurandir, fundi wa mafriji, mtu wa mji wa Nazaré. Nilikuja Salvador kutengeneza mashine za kiwanda cha barafu. Nilipofika, kiwanda kimeshafungwa na mlinzi wake anauza nazi mlangoni. Nikapanga chumba kwa Bi Valdelice kwa siku mbili tatu, chumba cha mwisho cha koridoni, ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Siku mbili tatu zikazaa miezi. Katikati ya miezi hiyo nikampenda Joselita, binti wa mwenye gesti.

Ng'ombe wa maskini hazai, lakini wa kwangu hata kulia amesahau. Kwa maana mume wa kwanza wa Joselita naye alikuwa mgeni wa gesti hiyo hiyo, tena wa chumba hicho hicho. Asubuhi moja aliondoka na televisheni ya sebuleni na hajaonekana tena. Tangu siku hiyo Bi Valdelice aliapa: mgeni anakula, analala, anaaga. Binti haombwi.

Nilipomwambia Joselita nataka awe mke wangu, alinijibu hivi: "Mimi sina neno. Kamwulize mama."

Na mimi, jamani, kumwuliza mama nikashindwa. Kila nikimkaribia naulizia habari za friji lake.

Basi ikafika siku ya Kosma na Damiani, Watakatifu Mapacha.

Siku hiyo Salvador nzima inanuka mawese. Kila mteremko una sufuria lake la caruru, bamia zilizokatwakatwa, zikapikwa na kamba wakavu na korosho, na kila mlango uko wazi. Bi Valdelice hupika sufuria ambalo mtoto anaweza kuogea. Kwanza wanakula watoto saba, kwa mikono, wote kwenye beseni moja. Wakimaliza, wanapakuliwa wakubwa.

Na ndani ya sufuria hilo, katikati ya bamia zote zilizokatwa, huachwa bamia moja nzima.

Atakayeikuta kwenye sahani yake amechaguliwa na Mapacha. Mwaka unaofuata ni zamu yake kupika. Asipopika, asije kulalamika.

Marehemu baba yangu aliikuta bamia hiyo kwa jirani yetu kule Nazaré. Akainyanyua juu, watu wakapiga makofi, akasema, "Mwakani kwangu!" Mwakani hakupika. Mwaka huo alianguka kutoka kwenye paa, mbuzi wakafa, na mama akahamia kwa dada yake. Baba alipotoka hospitali alikuwa akiona bamia sokoni anavuka barabara.

Sasa nielezeni. Mtu mwenye damu hiyo, tena asiye na jiko wala kijiko, aitamani bamia?

Asubuhi ile Joselita alinikuta koridoni. Alikuwa amevaa nyeupe tupu na mikono yake ilikuwa ya njano kwa mawese.

"Jurandir," aliniambia, "leo usitoke."

"Nitoke niende wapi? Spana zangu zenyewe zimeibwa."

"Nakwambia kaa mezani mpaka mwisho. Na kula chakula chako chote."

"Lini nimewahi kubakiza?"

Akacheka, akanipiga begani na kitambaa cha jikoni, akaenda zake. Nikabaki natabasamu peke yangu kama zuzu. Sikuuliza kwa nini. Mtu anayependwa haulizi maswali, na hapo ndipo anapoumia.

Meza iliwekwa uani, kule nyuma ambako ghuba yote inaonekana. Wageni wawili kutoka São Paulo walikuwa wakipiga picha sahani tupu. Kulia kwangu alikaa Bi Zulmira wa chumba cha pili, mwalimu mstaafu, ambaye alikuja gesti hii kumtembelea dada yake, dada akafa, yeye akabaki. Ulimi wake hauna breki.

Kushoto kwangu, kwa bahati yangu mbaya, alikaa Adailton.

Huyu Adailton ni muuza matairi, mjane, jirani wa nyumba ya tatu. Kila Jumamosi humletea Joselita fenesi. Hasemi kitu. Anaweka fenesi jikoni, anavua kofia, anaondoka. Miaka sasa. Ukifungua friji la gesti hii, utakutana na mapenzi ya Adailton yamejaa mpaka mlangoni, na sisi wageni ndio tunaoyala.

Bi Zulmira akaanza.

"Leo tuangaliane midomo. Mwaka jana mtu aliimeza, nasema, mtu aliimeza bamia nzima akanyamaza!"

"Nani?" nikauliza.

"Angejulikana angekuwa anapika leo. Mwenyewe anajijua. Nasikia alipata kwikwi mpaka Krismasi."

Watu wakacheka. Bi Valdelice, ambaye alikuwa amekaa kichwani mwa meza na miguu yake iliyovimba juu ya kigoda, hakucheka.

"Anayewaficha Mapacha," alisema, "anajificha nyuma ya kisigino chake mwenyewe. Joselita! Pakua."

Joselita akapakua ndani, sahani zikaanza kutoka. Wali, kunde, ndizi za kukaanga, paja la kuku, na caruru juu yake. Yangu aliileta mwenyewe. Akaiweka mbele yangu taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Nikala. Nawaambia ukweli, nilikula kwa furaha. Nilikuwa nikisema moyoni, leo, watu wakishiba, nampigia Bi Valdelice magoti. Leo au basi.

Nikainua paja la kuku.

Loo!

Ilikuwa pale. Nzima, ndefu, nene kama kidole cha kuli wa bandarini, imelala juu ya wali, na kikonyo chake kinanitazama mimi.

Nikarudisha paja haraka. Jasho likanitoka mpaka kwenye masikio. Nikainua tena kidogo, labda macho yangu. Bado ipo.

Nikafikiri, nikitangaza, Bi Valdelice ataniuliza, "Wewe utapika wapi, chini ya ngazi?" Watu watacheka, na posa yangu itakufa hapo hapo mezani. Nisipopika mwakani, ya baba yatanirudia, na mimi sina hata paa la kuangukia. Niimeze? Kwa ukubwa ule ningekufa nimekodoa macho mbele ya watu wa São Paulo. Mfukoni? Nimevaa suruali nyeupe, na mawese yangenitangaza kabla sijainuka.

Mara huko chini mteremkoni wakafyatua fataki. Pa! Pa-pa-pa! Wote wakainua vichwa kutazama moshi juu ya ghuba. Adailton naye akageuka, mdomo wazi.

Jamani, mkono huu. Mkono huu huu ninaoandikia. Kijiko kikaenda, kikachota, kikavuka, kikarudi.

Adailton alipogeuka, bamia ilikuwa kwake, chini ya ndizi.

Nikajiona mjanja, nikajiona nimekwepa mkosi wa ukoo mzima. Sikio la kufa halisikii dawa.

Adailton alikula ndizi ya kwanza. Akala ya pili. Akasimamisha uma.

Hakupiga kelele. Alibaki akiitazama sahani. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani amepaliwa.

"Bwana Adailton?" Bi Zulmira aliita. "Mpigeni mgongo, mpigeni!"

Akainyanyua bamia kwa vidole viwili. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye masharubu.

"Ipo," alisema. "Imekuja kwangu."

Watu wakalipuka kwa makofi. Yeye akawa anasema na bamia, si na sisi.

"Mimi nilizaliwa wawili," alisema. "Adilson ndiye aliyetangulia. Tulipougua homa, mimi nikapona. Mama akaniambia, kila mwaka kale caruru ya Mapacha, ndugu yako akitaka kukusalimia atakutumia bamia. Nimekula caruru za mji huu tangu niko mdogo. Nimekula mpaka za watu nisiowajua. Hata mwaka mmoja haijaja. Nikasema labda ananichukia kwa kuwa nilipona."

Akashindwa kuendelea. Bi Zulmira, yule yule mwenye ulimi, alikuwa analia kwenye kitambaa cha meza. Wapaulista, wale wageni wa São Paulo, walikuwa wanalia na hawakujua sababu.

Na mimi? Mimi nilitamani ardhi ya Santo Antônio ifunguke inimeze na kiti changu.

Nikainua macho. Mlangoni mwa jiko alisimama Joselita, upawa mkononi. Hakuwa anamtazama Adailton. Alikuwa ananitazama mimi, na uso wake sijawahi kuuona vile. Kisha akageuka, akaingia ndani.

Bi Valdelice akagonga meza kwa kijiko.

"Nyamazeni. Nina neno."



"Leo asubuhi niliwasha mshumaa. Nikawaambia Mapacha, mimi nimechoka, miguu hii hainibebi tena, na nyumba hii inahitaji mwanamume wa kukaa, si wa kupita. Safari iliyopita nilimchagulia binti yangu mimi mwenyewe, nikamchagulia mwizi wa televisheni. Safari hii chagueni ninyi. Mwanamume atakayekuta bamia, awe jirani awe mgeni, awe na sufuria awe hana, huyo nampa baraka zangu amwoe Joselita. Akikuta mwanamke, basi, binti akae hivyo hivyo tusaidiane. Joselita nilimwambia, naye alikubali."

Awe jirani awe mgeni. Awe na sufuria awe hana.

Wasomaji wangu, mnajua kupigwa na shoti ya umeme? Mimi nimepigwa mara nyingi, ni kazi yangu. Hakuna iliyofikia ile. Niliupata mlango wa nyumba na mke ndani yake, nikaugawa kwa kijiko.

Watu walikuwa wamemzunguka Adailton wanamkumbatia. Niliinuka nikaingia jikoni.

Joselita alikuwa anasugua beseni la watoto. Hakugeuka.

"Joselita."

"Umeshiba?"

"Joselita, sikiliza—"

"Nakuuliza umeshiba? Maana chakula chako nilikipakua mwenyewe. Bamia niliitoa kwenye sufuria kwa mkono wangu huu. Mpakuaji hatakiwi kuangalia, anafumba macho. Mimi niliyafumbua, Jurandir. Nikaitafuta mpaka nikaipata. Nikaiweka chini ya kuku ili uikute ukiwa umeshashiba, usishtuke. Nimewadanganya Mapacha siku yao, kwa ajili yako."

Nikashika ukingo wa sinki.

"Wewe ndiye uliyeniwekea?"

"Ulidhani ni nani, malaika?"

"Kwa nini hukuniambia? Asubuhi tulionana!"

"Nikuambie ili iweje? Mama aliahidi mbele ya mshumaa. Nilisema angalau wewe uwe msafi, ushangae kweli, ufurahi kweli. Dhambi niibebe mimi. Nilikuwa mlangoni, Jurandir. Fataki zilipolia kila mtu alitazama juu. Mimi nilikuwa nakutazama wewe, nataka kuona utakavyofurahi."

Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika tu.

"Sikujua kama kuna ahadi," nikasema. "Naapa sikujua! Ningejua—"

"Ungejua ungefanyaje?"

"Ningeinyanyua juu! Ningepanda juu ya meza!"

"Ndiyo," akasema. "Ungejua kuna zawadi ungeinyanyua. Ilipokuwa kazi tu, sufuria moja kwa mwaka kwa ajili ya watoto saba, ukamsukumia mwenzako. Tena mwenzako yule. Sasa niambie, mama akilala kitandani mwaka mzima, utamsukumia nani? Mimi nikiugua je?"

Nikatazama mlango wa uani.

"Nitasema," nikamwambia. "Natoka sasa hivi, nasema mbele ya wote kwamba bamia ni yangu."

Hapo ndipo aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sema yako, lakini yangu usiiguse. Mama akijua nimeifumbulia macho sufuria, ataamini nimeitia nyumba mkosi. Yule, kwa ugonjwa wake wa moyo, hatafika Jumapili. Na yule mwanamume kule nje anadhani amesalimiwa na ndugu yake. Utamwambia nini, kwamba ni wewe uliyemsalimia?"

"Basi ninyamaze?"

"Ukinyamaza, naolewa na fenesi." Akafunga bomba. "Sijui, Jurandir. Mimi nimeshafanya sehemu yangu. Nimechoka kufanya ya watu wawili."

Akajifuta mikono, akavua aproni, akatoka uani. Nikamfuata nyuma kama mbwa aliyemwagiwa maji.

Bi Valdelice alikuwa ameshamsimamisha Adailton mbele ya kisanduku cha sanamu za Mapacha, pale ukutani penye maua na peremende. Bamia ilikuwa kwenye kisosi cheupe, peke yake. Desturi ya nyumba ile, aliyechaguliwa huila hapo, mbele ya watakatifu, wote wakimwona. Akishaila, imekwisha.

"Njoo, mwanangu," alimwambia Joselita. "Simama hapa. Adailton ni mtu mwema."

"Ni mtu mwema," Joselita akaitikia, sauti kavu.

Adailton alikuwa amevua kofia. "Bi Joselita," alisema, na nadhani ni mara ya kwanza nilimsikia akisema naye, "mimi sitakulazimisha. Ukisema hapana, bamia yenyewe inanitosha."

Mwe! Mtu wa namna hiyo unamchukiaje? Nilijaribu nikashindwa.

Joselita alinitazama mara moja. Mara moja tu. Kisha akafungua mdomo kumjibu.

"Bamia ni yangu!" nikapiga kelele.

Bi Zulmira akaangua kicheko.

"Haya, dunia imekwisha! Miaka nenda miaka rudi watu wanaikimbia, leo imesikika ina mke, inagombewa!"

Wote wakacheka. Wapaulista wakacheka. Nikangoja wamalize, na hawakumaliza upesi.

"Ni yangu kweli, Bi Valdelice. Niliikuta mimi chini ya kuku."

"Na ikafikaje kwa Adailton?" akauliza. "Iliota miguu?"

"Nilimtilia mimi. Fataki zilipolia. Nilimtilia kwa kijiko."

Kicheko kikakatika.

Bi Valdelice alishusha miguu yake kutoka kwenye kigoda, mmoja mmoja. Alinitazama muda mrefu. Ningemwona anakasirika ningepata nafuu.

"Uliwatupa Mapacha," alisema, "kama mtu anayetupa mfupa."

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa kushindwa kuipikia. Sina jiko. Sina hata chumba chenye dirisha la maana. Niliona utanicheka, na mimi nilikuwa nataka leo nikuombe binti yako."

Nilikuwa nimeshasema. Miezi yote nikijipanga, nikinyoa ndevu kwa ajili ya neno hilo, na likatoka hivyo, mbele ya watu, kama mtu anayetapika.

"Joselita," Bi Valdelice akaita, bila kuniondolea macho. "Wewe ndiye uliyepakua. Bamia iliingia sahani ya nani?"

Neno moja tu. Aseme "yake", amejianika. Aseme "sijui", mimi ni mwongo.

"Mpakuaji hufumba macho, mama," alisema Joselita. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

Nikaiva uso. Bi Zulmira akasema "Ahaa!" kwa nguvu, akasogeza kiti chake mbali nami.

Hapo ndipo Adailton alipofanya kitu ambacho sitakisahau maisha yangu. Alikichukua kile kisosi kwa mikono miwili. Akanijia.

"Bwana Jurandir," alisema, "niambie mara moja tu, na mimi sitauliza tena. Ilikuwa yako?"

Ningesema hapana, yule mtu angekuwa na ndugu yake mpaka anakufa. Nilijua hivyo. Nilimwona machoni anasubiri hapana.

"Ilikuwa yangu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, pole pole.

"Basi sili salamu ya mtu mwingine. Chukua. Mimi nimezoea kungoja." Akaniwekea kisosi mkononi, akavaa kofia yake, na kofia ikakaa upande, hakuirekebisha.

Nani alikuwa mshindi hapo? Nimeruka majivu, nikakanyaga moto, kisha nikamkanyagisha na mwenzangu.

"Haya," Bi Valdelice akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Jurandir, mimi sikupendi. Nakwambia mbele ya watu wasije wakasema nilikuficha jambo. Wewe ni mgeni, na umelala kwenye kitanda kile kile alicholala mwizi wa televisheni. Lakini nimeahidi, na sikuwaambia Mapacha wanichagulie ninayempenda. Kama bamia ni yako, ile. Hapa, mbele yao. Ukiimeza, mwakani unapika kwenye sufuria langu, mwakani na kila mwaka, na binti yangu ni mkeo. Usipoila, panga vitu vyako uondoke leo."

Mnaona? Nilichokitaka kimekuja, kwa mkono wa mama mwenyewe aliyeapa hatanipa. Kisosi kiko mkononi. Watu wamenizunguka. Kosma ananitazama, Damiani ananitazama.

Nikapiga moyo konde. Nikasema, liwalo na liwe. Nikaishika bamia kwa kikonyo, nikafumba macho, nikaitia mdomoni yote.

"Mama."

Ilikuwa sauti ya Joselita. Nikafumbua macho.

Alikuwa amesimama kati yangu na Mapacha. Hakuwa analia tena.

"Mama, ahadi ni yako, nami naiheshimu. Lakini bamia ilipokuwa mzigo huyu aliitupa, na ilipogeuka zawadi ameipigania mbele ya mtu anayelia. Mimi nilishaishi na wa namna hiyo ndani ya nyumba hii, na wewe ulikuwepo." Akanigeukia. "Akiimeza, mimi leo hii natelemka mteremko huu na nguo nilizovaa. Hutaniona wewe, hataniona yeye. Ateme, aombe radhi kwa Adailton, aanze upya kama mtu mwingine yeyote, tutajua huko mbele."

"Kutema mbele ya Mapacha?" Bi Valdelice alisimama, mara ya kwanza siku ile nzima. "Siku yao? Akiitema hiyo, Joselita, hatakanyaga tena mlango wangu maadamu mimi ni hai! Umenisikia, wewe Jurandir?"

Nilisikia. Ningejibu vipi, na mdomo umejaa? Nilimtazama mama, nikamtazama binti. Mama alinyoosha kidole. Binti alinyoosha kiganja chake chini ya kidevu changu, kama unavyomfanyia mtoto aliyekula kisichofaa.

"Tema, Jurandir," aliniambia. Na alisema kwa upole, na hilo ndilo lililoniua.

Nikataka kutema. Naapa kwa kaburi la baba, niliinamisha kichwa nianze kutema.

Lakini bamia mnazijua. Hii ilikuwa imelala kwenye mawese tangu alfajiri, na haikungoja niamue.

Iliteleza, ikashuka kooni.